Pikipiki Iliyolishwa Oili ya Gari

Parsaoti alikuwa mtu wa kupima kila kitu kwa bei yake. Tangu auze kipande cha shamba upande wa Kitengela na kununua gari kubwa jeupe, aliacha kuuliza kama kitu kinafaa. Aliuliza tu ni cha shilingi ngapi, na jibu likiwa dogo, alikitazama kitu hicho kama mchuuzi anavyomtazama mbuzi mwenye upele.

Resian, mke wa mdogo wake, alimfahamu kuliko alivyopenda. Yeye ndiye aliyeendesha pikipiki ya kikundi cha akina mama wa Kisaju. Kila asubuhi alizunguka maboma kumi na moja, akafunga mitungi ya maziwa huku na huku, akateremka korongoni, akapanda mwinuko wa mawe hadi kwenye lami, kisha akashika njia ya Kitengela. Huko alimkuta Istahil, mama mfanyabiashara ambaye ndani ya duka aliuza vipuri na oili, na barazani alinunua maziwa ya kupelekea hoteli za chai. Istahil hakuwa na maneno mengi. Maziwa yakifika kabla ya saa tatu, aliyapokea. Yakifika baada ya saa tatu, jua limeshayaharibu, aliyarudisha bila hata kuyanusa.

Mwaka huo wa 2007 majani yalikuwa mengi na ng'ombe walikamuliwa vizuri. Pikipiki ilitimiza mwaka mmoja bila kumwangusha mtu wala kumwaga mtungi. Hapo ndipo Parsaoti, akiwa mkubwa wa boma, alipoona kwamba mambo yanakwenda sawa mno bila yeye.

Alifika na fundi Mutunga, ambaye kibanda chake kilikuwa kando ya soko, na mkebe mkubwa wa rangi ya dhahabu. Ulikuwa mkebe wa oili aliyoinunulia gari lake Nairobi. Akawakusanya akina mama na kuwaeleza kwamba bibi harusi akiingia bomani hupakwa mafuta safi ya kondoo, na mwanamke akijifungua hupewa mafuta hayo anywe apate nguvu. Pikipiki hii imeingia bomani, imelisha watoto mwaka mzima, na kumbe tumboni ina oili ya vichochoroni.

"Hii ya zamani ilikuwa na kosa gani, shemeji?" Resian aliuliza.

"Ilikuwa ya watu maskini."

"Lakini imetubeba mwaka mzima."

"Hata punda hubeba, mama Naserian. Nani amewahi kumsifu?"

Mutunga alicheka kama mtu anayelipwa kucheka. Akaimwaga oili ya zamani, akaijaza ile ya mkebe wa dhahabu, na Parsaoti akairashia tangi maziwa kwa fungu la majani huku akitamka baraka. Hata Mungu aliingizwa katika jambo ambalo hakuulizwa.

Siku ya nne, kwenye mwinuko wa korongo, injini ilinguruma kama inayokwenda Namanga, na gurudumu likazunguka kama linalokwenda kwenye mazishi ya adui. Resian aliongeza moto, kelele zikaongezeka, mwendo ukabaki uleule. Mwishowe alishuka akasukuma, mitungi ikiwa imejaa. Alimfikia Istahil saa tatu na nusu, akarudi nyumbani na maziwa yote.

Mutunga aliifungua injini, akatoa pleti za klachi, akazishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya.

"Zimeteleza hizi. Zimekwisha."

"Zilikuwa nzima wiki iliyopita," alisema Resian.

"Mama, wewe ni fundi?"

Akaweka pleti mpya, na juu yake akamimina oili ileile, kwa maana Parsaoti alikuwa ameuacha mkebe kibandani na kuagiza kwamba nyingine isiguse chombo hicho. Pleti mpya zilivumilia siku tatu. Za pili zilivumilia siku mbili. Maziwa yalirudi mara mbili tena, na akina mama wakayanywesha ndama na majirani wakiwa wamenuna.

Mutunga hakukosa jibu. Aliweka pleti za tatu, akajifuta mikono, akatangaza mbele ya wateja wake: "Hii pikipiki haiko na shida ya chuma. Iko na shida ya mtu. Huyu mama anashika klachi nusunusu, kama anakamua."

Maneno hayo yalimfikia Parsaoti kabla Mutunga hajamaliza kuyasema. Jumatano kikundi kiliitwa nyumbani kwake, na hukumu ikatolewa kwa upole wa kuudhi. Maziwa yakirudishwa tena siku ya Ijumaa, ufunguo uje kwake. Yeye atatafuta mtu wa kuipeleka pikipiki vizuri. Kila mama pale alijua huyo mtu angekwenda wapi. Gari jeupe la Parsaoti lilizama katika udongo mweusi kila mvua iliponyesha, naye alikuwa na wanunuzi wa viwanja wa kuwazungusha kwa pikipiki. Maziwa yangebaki bomani yakigandia mitungini, na akina mama wangerudi kusubiri mchuuzi anayekuja akitaka.

Resian hakubishana. Alikuwa amegundua kwamba kubishana na mtu asiyesikia ni kumpa nafasi ya kurudia maneno yake. Alimfuata Margaret, mke wa Parsaoti, nyuma ya nyumba.

"Pikipiki ilikuja na kitabu. Kiko wapi?"

"Kwa sanduku, pamoja na hati za shamba," Margaret alijibu. "Aliona kiko na muhuri, akasema ni karatasi ya serikali."

"Amewahi kukisoma?"

"Amekifungia. Kwake hiyo ni kazi kubwa zaidi."

Margaret ndiye aliyetunza ufunguo wa sanduku. Walikikuta kitabu kati ya hati mbili, kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, kisafi kama siku kilipotoka dukani. Kilikuwa cha Kiingereza, lakini ukurasa wa oili haukuhitaji elimu nyingi. Ulikuwa na mchoro wa mkebe, namba za uzito, na kisanduku kidogo chenye herufi kubwa mbili, MA. Chini yake kulikuwa na mchoro wa gari uliokatwa kwa mstari mnene. Resian aliutazama ule mstari kwa muda, akawaza habari ya mtu aliye na macho mawili, gari moja na fundi wa kumchekea, na bado hakuuona.

Alhamisi alipitia kibandani kwa Mutunga. Mkebe wa dhahabu ulikuwa umewekwa juu ya rafu peke yake. Aliuzungusha pande zote: picha ya gari mbele, sifa nyingi nyuma, kisanduku cha MA hakuna.

"Usimwage," Mutunga alimwonya. "Hiyo ni ya mzee."

"Sitamwaga. Ningependa sana imfikie mzee mwenyewe."

Akaenda kwa Istahil na kumweleza yote. Istahil alisikiliza huku akipanga spaki plagi kwenye boksi. Resian alipofika kwenye mafuta ya bibi harusi, Istahil aliacha kupanga.

"Oili ya gari? Ndani ya pikipiki? Dada, nani amefanya hiyo?"

"Mkubwa wetu. Na fundi ameikubali."

"Fundi anauza pleti. Kwa nini asikubali?" Akachukua chupa ya bei ya kawaida kutoka rafu ya chini na kumwonyesha kisanduku cha MA, alama ya oili ya pikipiki. "Sikia. Gari, klachi yake iko nje, kavu, kwa nyumba yake. Pikipiki, klachi inaoga kwa oili ya injini, hiyohiyo moja. Sasa oili ya gari kubwa imewekwa dawa ya kufanya chuma iteleze kwa chuma. Nzuri kwa injini. Lakini pleti kazi yake ni kushikana. Ukizipaka utelezi, zitashika nini? Mtu anapaka mikono siagi halafu anataka kupanda mti."

"Kwa hivyo si mkono wangu."

"Mkono wako unaniletea maziwa mwaka mzima. Huyo mzee ameleta nini?"

Resian aliomba spana. Palepale kando ya baraza, akiwa amekunja shuka magotini, alifungua nati ya chini na kuiacha oili ya dhahabu itiririke kwenye karai. Alijaza ile ya kisanduku, akaendesha hadi mwisho wa barabara na kurudi, akaimwaga tena kwa sababu Istahil alisema mabaki ya utelezi hukaa ndani, kisha akajaza mara ya mwisho. Pleti za juzi zilikuwa bado hazijaungua.

Ijumaa, kwenye mwinuko wa korongo, hakuongeza moto hata kidogo. Pikipiki ilipanda na mitungi yake, sauti ikiwa ya chini, kila mzunguko wa injini ukifika kwenye gurudumu.

Parsaoti alikuwa ameshafika kwa Istahil, ameegesha gari jeupe mbele ya baraza, na Mutunga ameketi ndani yake kama shahidi. Saa mbili na dakika arobaini Resian alisimamisha pikipiki. Istahil alionja maziwa ya kila mtungi bila haraka, akayamimina yote kwenye sufuria zake.

Parsaoti alikohoa. "Sasa mnaona. Zile pleti za Mutunga zimeizoea oili yangu."

"Oili yako iko kwa hilo karai, shemeji," alisema Resian. "Niliitoa jana."

Mutunga alitazama karai, akatazama upande wa pili wa barabara kwa bidii kubwa. Parsaoti alimtazama Istahil, akamkuta anamngojea kwa hamu, akageuka kufuta vumbi kwenye mlango wa gari.

Resian alifunga mitungi mitupu, akauzungusha ufunguo.

"Sogeza gari, shemeji. Umenizibia njia, na maboma yananingoja."

Akalisogeza.