Mikono Iliyofungua Kitenge

Miaka ile waasi walipoishika Bukavu, Bibiane aliingia kila Jumapili na kwaya katika gereza la zamani lililojengwa na Wabelgiji, na akirudi nyumbani alichora kwa makaa aliyoyaona uani. Padri Donatien alimpa ukumbi wa parokia aoneshe michoro hiyo, kwa sharti moja: asichore sura ya mtu, askari wasije wakamtafuta mwenyewe. Bibiane akachora mikono tu.

Wa kwanza kuingia alikuwa Maman Georgette, muuza ndizi wa Cimpunda, mtaa wa mlimani. Mume wake, Gaston, alikuwa amefungwa katika gereza hilo, na Georgette hakuruhusiwa kumwona. Gereza halikulisha mtu. Kila Jumapili asubuhi aliacha getini sahani ya bugali iliyofungwa kwa kipande cha kitenge chake, isichanganyike na za wengine. Ikirudi tupu, alijua mume wake angali hai.

Mbele ya mchoro mmoja akapiga makofi.

"Tazama! Kitenge yangu, na ndege zake zote! Mademoiselle, uko na macho!"

Kisha akausogelea. Mikono miwili, yenye vidole vyote kumi, ilikuwa ikifungua fundo.

"Hii mikono ni ya nani?"

"Ya mfungwa mmoja, maman. Kijana wa Nyantende."

"Gaston hana dole gumba ya kuume. Mashine ya mbao ilimukata."

Padri, aliyesimama karibu nao, akakohoa. "Makaa huchafua mchoro, maman. Labda Bibiane alikosea."

"Sema ulikosea," Georgette akamwambia Bibiane, taratibu, kama anayebembeleza bei. "Mimi nitakubali."

Neno moja tu, na mwanamke huyu angepanda kurudi Cimpunda akiwa bado na mume. Lakini Bibiane alikumbuka jinsi yule kijana alivyokula akiwapa wanakwaya mgongo, kama mwizi.

"Sikukosea, maman."

Padri akamvutia Georgette kiti. Hakukikalia.

"Huyo kijana analamba sahani?"

"Analamba."

"Basi iko na njaa." Akakaza kilemba chake. "Jumapili nitaweka samaki sambaza mingi. Na wewe umuulize: alimukuta Gaston pale, ao alikuta mukeka mutupu? Usimutishe. Akiogopa, atadanganya."

"Na akisema jambo baya, maman?"

"Utaniletea vile atasema. Usipunguze."