Jina Litabaki

Watu wanadhani kitabu huandikwa na mtu aliyekaa pazuri, chai pembeni, dirisha wazi. Felisita Mboje aliandika chake kwenye meza ya baraza la kata mjini Bariadi, ambako alikuwa karani, meza ambayo mguu wake mmoja ulishikizwa kwa tofali. Asubuhi aliandika maneno ya walalamikaji kama walivyoyasema: mbuzi wa fulani kaingia kwenye choroko za fulani, mke wa fulani kamtukana mkwewe. Mchana, watu wakishatawanyika, alitoa kaunta buku kwenye mkoba na kuandika yale ambayo hakuna anayeyasema mbele ya baraza. Miaka saba, kaunta buku nne. Wenzake ofisini walimwita mheshimiwa mwandishi, wala hawakuwa wanamsifu.

Kitabu kizima kilimhusu mdogo wake, Maduhu, aliyefariki akiwa na miaka kumi na tisa, nyumbani kwao Sola. Siku hiyo alipuliza dawa ya pamba tangu asubuhi. Bomba likavuja mgongoni, shati likalowa, naye akaendelea kupuliza kwa kuwa ekari ilikuwa haijaisha. Jioni akaanza kutapika. Walimpakia kwenye pikipiki, akakata roho kabla hawajafika hospitali. Hayo kila mtu Sola aliyajua. Ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba zamu ya kupuliza ilikuwa ya Felisita. Alimdanganya Maduhu kwamba kichwa kinamuuma, akabaki chumbani amalizie hadithi aliyotaka kuipeleka kwenye shindano la redio. Hadithi yenyewe haikushinda chochote.

Katika ukoo wa Mboje, mtu akifa jina lake hupewa mtoto, na hapo ndipo watu husema fulani amerudi. Jina ndilo mtu mwenyewe. Lakini jina la kijana aliyekufa vibaya, tena kabla hajaoa, kina mama huliogopa. Kwa miaka kumi na minne watoto walizaliwa wakajaa ua, na hakuna mama aliyethubutu kumwita wake Maduhu. Mzee Mboje, baba yao, alikuwa anazeeka, macho yanafifia, na jina la mwanawe halina pa kukaa. Aliposikia binti yake anaandika kitabu, alimwita kando.

"Mayu, muweke Maduhu humo," alimwambia, akimwita mama kama Wasukuma waitavyo binti zao. "Watu wakilizoea jina lake, ipo siku mama mmoja atalichukua."

Felisita alimweka. Sura ya saba, ile ya kifo, aliiandika mara kumi na moja. Mara ya kwanza alimuua kijana kwa mstari mmoja, akakimbia. Mara ya tano alijaza kurasa ishirini za mvua na udongo mweusi ili tu asifike kwenye shati. Mwisho aliona kuzunguka hakusaidii. Akaandika shati, akaandika bomba, akamwandika dada mtu amejilaza kitandani na kichwa chake kizima. Siku hiyo alilia pale mezani mpaka mlinzi akaja kuuliza nani kafiwa. Na Ikupa, mchapaji wa steshenari ya karibu na stendi, alipoifikia sura hiyo aliacha kuchapa, akatoka nje kunywa maji. Laiti mambo yangeishia kwa Ikupa.

Wachapishaji wawili wa Dar es Salaam hawakujibu hata kwa tusi. Wa tatu alijibu baada ya mwaka mmoja na nusu. Mhariri wake, Bwana Hemed, alikuwa na sauti ya upole, ya mtu anayekunyang'anya mtoto huku anakupa pole.

"Dada Felisita, kalamu unayo, wallahi," alisema kwenye simu. "Lakini kitabu kisipoingia shuleni hakiuziki, na shuleni wanataka funzo. Kijana asife. Dada asiwe mwongo. Atafutwe mhalifu, akamatwe, watoto wajifunze."

"Na yaliyotokea je?"

"Yaliyotokea yatabaki kwako, dada yangu."

Felisita alikataa, akakata simu akijiona shujaa. Ushujaa huo ulidumu miezi minane. Kisha Mzee Mboje akaanguka shambani, na Felisita alipokwenda kumwona, mzee alimpapasa uso kwanza ndipo akamtambua.

"Kile kitabu bado tu?" aliuliza. "Wewe unaweza kungoja, ng'wanone, mwanangu. Mimi siwezi."

Mfa maji haachi kutapatapa. Felisita alimpigia Hemed siku hiyo hiyo, akiwa bado amesimama nje ya nyumba ya baba yake. "Badilisheni mnavyotaka," alisema. "Nina sharti moja. Jina la Maduhu libaki."

"Hilo tu? Jina litabaki, dada. Nakuahidi."

Kazi iliyohaririwa ilimjia kwenye simu, kurasa tisini na sita, aithibitishe kabla haijakwenda mtamboni. Alifungua ukurasa wa kwanza, akakuta mvua yake imekuwa mvua ya kutosha iliyowafurahisha wakulima wote. Moyo ulikataa kusoma zaidi. Ni uoga, hakuna jina jingine. Alichofanya ni kuandika Maduhu kwenye kisanduku cha kutafutia, na simu ikamjibu kwamba limo mara arobaini na moja. Arobaini na moja! Yeye mwenyewe alikuwa hajalitaja hata mara thelathini. Akafurahi, masikini, akamwandikia Hemed: Nimepitia, nimeridhika.

Nakala zake ishirini zilifika stendi ya Bariadi kwa basi, ndani ya boksi lililofungwa kwa kamba ya katani. Hakulifungua boksi. Baba yake alikuwa amekwishachinja mbuzi na kuwaita watu wa ukoo, kama wafanyavyo mtoto anapopewa jina, kwa hiyo Felisita alipanda gari la Maswa na boksi lake mapajani mpaka Sola.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Kilete nikishike."

Mzee alikinusa kitabu, akakipima uzito kwa viganja. Watu wapatao thelathini walikaa uani, wengine kwenye viti vya kanisani, na mbele yao mwalimu Josia, mkuu wa shule ya msingi ya pale kijijini. "Niwekee kidole kwenye jina," mzee alisema. Felisita alifungua katikati, akaliona, akakishika kidole cha baba yake na kukiweka juu yake. Mzee alitabasamu mpaka fizi zikaonekana.

"Sasa soma. Anzia hapo hapo alipo mwanangu."

"Maduhu alicheka peke yake," Felisita alianza, kwa sauti yake ya barazani. Kisha macho yakaupita mdomo. Aliyecheka peke yake alikuwa muuza dawa bandia za pamba, tapeli, na ndiye aliyeitwa Maduhu tangu mwanzo mpaka mwisho. Kijana mpulizaji alikuwa sasa anaitwa Fredrick, na alipona. Hemed hakuwa amevunja ahadi. Aliombwa jina, akalibakiza. Kwake lilikuwa neno la herufi sita, na neno unaweza kumvika yeyote. Felisita alikuwa ameomba mtu, lakini hakusema mtu. Nani angefikiri kwamba hilo linahitaji kusemwa? Na nakala elfu mbili zilikwisha kutoka mtamboni.

"Mbona kimya?" baba yake aliuliza.

"Nameza mate, baba."

Akaendelea. Macho aliyaacha kwenye ukurasa, lakini mdomo ulisoma kaunta buku, sura ya saba, ile ya mara ya kumi na moja, ambayo aliijua neno kwa neno. Maduhu akaingia shambani na wimbo wake wa puani. Bomba likaanza kuvuja. Wanawake wakaguna. Mzee Mboje alisikiliza kinywa wazi, machozi yanamtoka bila aibu, na Felisita, ambaye hakuwahi kusomwa wala kusikilizwa na mtu yeyote namna ile, alichukuliwa na hadithi yake mwenyewe. Hakukumbuka kusimama pale alipopaswa kusimama. Dada mtu akajilaza kitandani, kichwa chake kizima, zamu yake inafanywa na mwingine. Maneno yalikuwa yamekwishatoka alipoyasikia, na maji yakimwagika hayazoleki.

"Hayo ya dada nayo yameandikwa humo?" mzee aliuliza.

"Yameandikwa, baba."

Mzee alifuta uso kwa mkono wa shati. "Mwalimu Josia, hebu kichukue wewe. Nisomee hapo hapo. Nataka niyasikie kwa mdomo usio wa nyumbani."

Josia alivaa miwani. Alitazama ukurasa, akamtazama Felisita, na Felisita akatikisa kichwa kidogo, kumsihi. Lakini Josia alikuwa mwalimu mbele ya wazazi wa wanafunzi wake, na kitu asichoweza mwalimu wa aina yake ni kusoma kisichoandikwa.

"Maduhu alicheka peke yake," alisoma taratibu, "akamimina maji ya bwawa kwenye chupa za dawa. 'Wajinga ndio waliwao,' alisema." Alisoma mpaka pingu, mpaka wanakijiji wanapomzomea Maduhu hadi kwenye gari la polisi. Hapo akavua miwani.

"Na dada aliyelala," mzee aliuliza, "yuko ukurasa gani?"

Josia alipekua mbele, akapekua nyuma. "Hayupo, mzee."

"Basi huyo ndiye wa kweli."

"Baba, nisikilize," Felisita alisema. Alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya watu wote. "Baba, nilitaka..."

"Wapeni wageni chakula," mzee alisema. "Nyama inapoa."

Alijiinua kwenye kiti. Felisita alisimama haraka akamshika kiwiko, kama alivyozoea kufanya tangu macho yalipoanza kufifia. Mzee hakumsukuma. Alisimama tu palepale, hakupiga hatua, mpaka binti mwenyewe akamwachia. Ndipo akanyoosha mkono wa pili hewani, akiutafuta upande wa wageni.

"Mwalimu," aliita, "nishike mkono unipeleke ndani."