Samaki wa Valdi Chini ya Barafu

Kwetu Manitoba, huku Kanada, samaki ana njia mbili tu: kikaangoni au kwenye moshi. Ziwa liko mlangoni, na kila mwanamume wa mji huu ametoboa barafu ili amtoe samaki amle. Jirani yangu Valdi ndiye peke yake aliyetoboa barafu ili samaki asife. Nilimwambia, "Babu zako waliovuka bahari kutoka Iceland kuja kuvua hapa wangekuona, wangekunyang'anya jina." Akanijibu, "Runa, nenda kapike."

Bwawa lenyewe lilikuwa la mkewe, Inga. Alilichimbisha nyuma ya nyumba, akalitandika mpira mweusi, akatia samaki watatu wa rangi, wanene kama mkono wangu. Kisha Inga akafariki, akamwachia Valdi samaki asioweza kuwala na kahawa asiyojua kuichemsha.

Miaka kadhaa baadaye, majani yalipoanza kupukutika, Valdi alisahau sufuria jikoni hadi pazia likashika moto. Binti yake Lorna akaja mbio kutoka mjini Winnipeg.

"Baba, huwezi tena kukaa peke yako. Kwenye nyumba ya wazee kumepatikana chumba."

"Chumba ninacho. Hapa ninavyo vinne."

"Utajiunguza!"

"Lorna, samaki wa mama yako nawavusha baridi mwaka hadi mwaka. Anayeweza kumvusha samaki atashindwa kujivusha mwenyewe?"

Lorna ni mwanawe kweli, mbishi lakini mwenye haki. "Haya. Barafu ikiyeyuka na samaki wako hai, sisemi neno. Wakifa, unafungasha."

Wakapeana mikono mbele yangu, nami kinywa kimejaa keki.

Samaki wa bwawa hadai makubwa. Baridi ikikaza anajilaza chini, hali, hachezi. Anachotaka ni tundu moja kwenye barafu ili hewa chafu itoke, na tundu hilo hulindwa na hita ndogo ya umeme inayoelea. Lakini barafu haigongwi, hata iweje. Ukiipiga nyundo, mshindo wake unamuua. Tundu likijifunga, unaweka sufuria ya maji moto juu yake, unangoja kama mjinga.

Januari dhoruba ikaangusha nguzo, umeme ukakatika mji mzima. Valdi alikuwa na jiko la kuni. Akachemsha, akabeba, akarudi, akachemsha tena. Nami nilibeba mpaka kope zikagandana. Kila tulipofungua tundu, upepo ulilifunga kabla hatujafika mlangoni. Mwishowe Valdi akaanguka kwenye theluji, akabaki pale. Nikamburuta kwa ukosi wa koti.

"Niache! Watakufa."

"Ukifa wewe kwanza, nani atawabebea maji? Mimi mgongo sina."

Umeme uliporudi, hita ikafungua tundu, ikatoka harufu ya mayai viza. Valdi akainama, akanusa, akainuka.

"Labda mmoja amebaki," nikasema.

"Wote, Runa. Harufu hiyo haibakizi."

"Basi twende dukani tununue wengine. Lorna atajuaje? Samaki hana kitambulisho."

"Wa dukani wamezoea maji ya uvuguvugu. Ukimtia humu, anakufa kabla hujakunja mfuko."

Kwa hiyo hatukufanya kitu. Barafu ilitufichia. Februari Lorna alikuja na tochi, akachungulia tunduni.

"Siwaoni, baba."

"Wako chini. Wamelala."

"Wazima?"

Valdi akanitazama. "Mwanangu," nikasema, "sijapata kuona samaki waliotulia kama hawa."

Lorna akacheka, akatubusu, akaenda zake. Nami nilicheka moyoni, kisha nikamwona Valdi bado anatazama lile tundu, kicheko kikaniishia.

Machi ikaja, watu wakaanza kusalimiana kwa furaha, mapaa yanadondosha maji. Valdi alikaa dirishani akiyasikiliza matone kama mtu anayesikia nyayo za askari. Asubuhi moja nikamkuta ameshika beleshi, anarundika theluji juu ya bwawa.

"Wee mzee, unafanya nini?"

"Theluji ikiwa nene, barafu itachelewa."

"Itachelewa mpaka lini?"

"Wiki. Pengine mbili. Una haraka ya nini?"

Nikaenda kuchukua beleshi langu. Tulizoa theluji ya uani kwake, kisha ya kwangu, kisha tukaiba ya Kris wa ng'ambo ya uzio. Kris ndiye aliyempigia Lorna simu. Hakuwa na ubaya. Alimwambia tu kwamba mji mzima unaondoa theluji, baba yake anairudisha, huenda kichwa kimemchoka.

Lorna alifika siku ileile. Rundo letu lilikuwa limeshatitia katikati, maji yamejitokeza ukingoni, na juu ya maji tumbo jeupe.

"Lini, baba?"

"Januari. Umeme ulipokatika."

"Na nilipokuja?"

"Nilikudanganya."

Nilingoja apige kelele. Kelele ningezijibu, ulimi wa kazi hiyo ninao. Hakupiga. Aliingia ndani, tukasikia makabati ya chumbani yakifunguliwa moja baada ya jingine.

Valdi akachukua wavu, akawatoa mmoja mmoja, akawalaza juu ya theluji. Rangi ilikuwa imewatoka. Akajaribu kuchimba kando ya uzio, beleshi likaruka kama limegonga chuma.

"Ardhi ikilainika uwazike wewe," akasema.

"Nimwite mchungaji?"

Lorna akatokea mlangoni, ameshika jozi mbili za viatu.

"Baba, tuchukue viatu vipi?"

"Vyovyote," Valdi akasema. Miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumsikia akisema neno hilo.