Dawa ya Saa Sita

Mafundi cherehani wote husema uongo, hilo halina ubishi. "Njoo kesho" yao inajulikana. Ila fundi huyu akisema kesho alikuwa anaamini kabisa, kwa moyo mweupe, na kesho ikifika alishangaa kuliko mteja. Majirani walimwita Nakuja, kwa sababu ndilo jibu alilompa kila aliyemwita, na mara nyingi hakuja.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mikono ya dhahabu na kichwa kisichokaa. Maziwa yaliungua yeye akiwa amesimama karibu na jiko. Alitoka kununua vifungo akarudi na sufuria mpya, vifungo hakuna. Mwaka uliopita daktari mmoja alimsikiliza kwa muda mrefu, akamwambia kwamba huo si uvivu wala kiburi. Ni hali ya ubongo aliyozaliwa nayo, inaitwa ADHD, na ndiyo inayofanya umakini na muda vimponyoke. Nakuja alilia palepale kwa furaha, maana tangu darasa la kwanza alikuwa akiitwa mzembe. Daktari akamwandikia ushauri kwenye karatasi. Karatasi aliipoteza kabla hajafika nyumbani.

Sasa mama yake alikuwa ametolewa mtoto wa jicho. Waliishi pamoja katika vyumba viwili, cha mbele kikiwa cha kushonea. Kaka mkubwa ndiye aliyemrudisha mama kutoka hospitali, jicho la kulia likiwa limefunikwa, na akaweka chupa mbili mezani katikati ya vipande vya kitambaa.

"Dada, sikiliza. Hii ya kifuniko cheupe kwanza. Unasubiri dakika tano. Halafu hii nyekundu. Mara nne kwa siku: saa moja asubuhi, saa sita, saa kumi, saa mbili usiku. Wiki nne."

"Nimeelewa, kaka."

"Kuelewa unaelewa siku zote." Alishusha sauti, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Kazi yake ilikuwa kupanga ratiba za mabasi, na nadhani hata chafya alipiga kwa ratiba. "Kliniki ya macho imekupita mara mbili, mama akakaa na ukungu miaka miwili zaidi. Jicho la kushoto halioni tangu zamani, limebaki hili moja. Siku ya kurudi kliniki, nikikuta mambo yameharibika, mama anahamia kwangu."

Nakuja alizisogeza chupa mbali na vitambaa. Ukweli unauma, na huu ulikuwa wake.

Siku tatu za mwanzo zilikwenda kwa nguvu ya soda. Simu aliyoitegea saa za dawa ililia, karatasi za kumkumbusha zilibandikwa ukutani, mlangoni, hata kwenye kioo. Lakini karatasi ikishakaa siku mbili, macho yake yalikuwa hayaioni tena. Na simu ikilia akiwa kwenye mshono, kidole kiliizima chenyewe huku mdomo ukisema, "Nakuja."

Siku ya nne alikuwa na gauni la harusi la mteja, shingo nzima ni shanga. Aliketi baada ya chai ya asubuhi. Alipoinua kichwa awashe taa, jua lilikuwa limeshazama. Mama alikuwa palepale kwenye kiti chake cha dirishani, chupa ya kifuniko cheupe mkononi. Dawa ya saa sita ilikuwa imepita, na ya saa kumi nayo imepita.

"Mama! Mbona hukuniita?"

"Ulikuwa unaimba," mama alisema. "Kazi ikikukolea huwa unaimba. Sikutaka kukukatiza."

"Si jicho lako hilo!"

"Utotoni mwako nilikuita mchana kutwa, mwanangu. Umesahau hiki, umeacha kile. Nikikumbuka nilivyokuwa nakupigia kelele, na kumbe hukuwa unafanya makusudi..." Mama alitikisa kichwa. "Sikuiti hivyo tena."

Nakuja alimwekea dawa huku machozi yakimtoka mwenyewe. Alimpenda mama huyu kupita kiasi. Usiku ule aliwaza kwamba labda kaka ana haki.

Asubuhi yake alikumbuka jambo moja kutoka kwenye ile karatasi iliyopotea: usikiagize kichwa kikumbuke, weka kitu mahali ambapo mikono haina budi kupita. Akaitazama mikono yake. Kila baada ya dakika chache ilikuwa inatafuta nini? Mkasi. Akauchukua ule mkasi wake mkubwa, akapekua nyumba nzima kutafuta mingine, akapata mitatu, mmoja ndani ya kopo la sukari. Yote akaiweka mapajani kwa mama.

"Tunza wewe. Nikitaka kukata uzi, nitakuja kuomba."

"Halafu?"

"Wewe sikiliza redio. Ikitangaza saa ya dawa, mkasi hautoki mpaka dawa iingie. Huniiti, mama. Mimi ndiye ninayekuja."

"Yaani uzee huu nimepata kazi ya stoo!" Mama alicheka, akajishika shavu akikumbuka jicho.

Ikawa hivyo. Mshono mmoja, hatua nne mpaka dirishani. "Hodi stoo, naomba mkasi." "Chukua." Na redio ikishatangaza saa sita: "Hodi stoo." "Stoo imefungwa. Dawa kwanza." Zile dakika tano kati ya chupa na chupa, ambazo Nakuja angeweza kuzitumia kuanzisha kazi nne na asimalize hata moja, mama alimshika mkono asiondoke. Hapo ndipo walipoanza kuongea. Siku moja mama alimuuliza darasani ilikuwaje.

"Nilikuwa nawasikia wote kwa pamoja, mama. Mwalimu, ndege, na anayefagia nje."

Mama akaubana ule mkono mpaka dakika tano zikaisha.

Msidhani yote yalinyooka. Mara moja Nakuja aliona uvivu wa kuinuka, akakata uzi kwa meno. "Nimesikia hayo meno," mama alisema. Siku nyingine alikwenda kumpima mteja nyumbani kwake, na dawa ya saa kumi ikaingia saa kumi na mbili. Lakini gauni la harusi lilikamilika siku moja kabla, na bibi harusi alidhani yeye ndiye aliyekosea tarehe.

Siku ya kliniki kaka alifika mapema, kama kawaida yake. Kwenye benchi Nakuja alimwambia kabla hajaulizwa. "Nimekosa mbili, kaka. Na moja niliichelewesha."

Kaka alifumba macho kidogo. "Chumba nimeshakiandaa," alisema polepole.

Ndani, daktari wa macho alilimulika jicho, akalitazama, akalitazama tena. "Limepona vizuri," daktari alisema. Wiki zote zile mama alikuwa ameona mwanga na rangi, lakini sura za watu zilikuwa hazijatulia. Daktari akamvalisha miwani ya kupimia, akabadilisha vioo kimoja baada ya kingine mpaka herufi za ukutani zikakaa sawa. Mama akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akaachana na ukuta, akageuka.

"Sogea hapa." Alimshika Nakuja kidevu. "Una mvi."

"Ninazo, mama."

"Tangu lini?"

Nakuja alitaka kutania, akaacha. "Zilianza mwaka ule nilipokosa kliniki ya kwanza. Ningekuleta, ungeziona zikitoka. Nisamehe, mama."

Mama aliendelea kumtazama, paji la uso, macho, mikunjo ya mdomoni, bila haraka yoyote.

Kaka alikohoa. "Mama, daktari anasema matone yanaendelea wiki mbili zaidi. Kwangu mke wangu yupo nyumbani mchana kutwa. Hutakosa hata tone moja."

"Najua, baba. Kwako sitakosa kitu," mama alisema bila kugeuza uso. "Lakini huyu nimemsikia tu miaka yote hii. Niache nimtazame."

Kaka alizitoa funguo mfukoni. Kisha akatoka kwenda kuleta gari mlangoni, na walipoingia hakuuliza anawapeleka wapi.