Mama Awuor Kwenye Ratiba

Kazi yangu ni kupangia watu safari. Ofisi yetu iko Westlands, ghorofa ya nne, na dirishani naona msongamano wa magari tu, lakini nikikaa kwenye kiti changu naweza kukuambia utakunywa chai wapi ukishapita Narok, choo kipi ni kisafi na kipi ukipite tu. Sijisifu bure. Wateja wangu hawachelewi, hawalali njaa, na wakirudi huniletea asali.

Kwa hiyo Oduor aliponiambia kwamba lazima mamake anione kabla watu wao hawajaja kwetu Kinoo kuanza mambo ya mahari, sikuona ugumu wowote. Babangu, Mzee Kiarie, alikuwa ameshaanza kuniuliza kila tukitoka kanisani kama huyo kijana wa ziwani ana watu ama alianguka kutoka mbinguni. Oduor alikuwa na watu. Alikuwa na mama mmoja mjane huko Kendu Bay, Mama Awuor, na neno la mama huyo lingetosha kutuoza au kutuachanisha. Akikataa, hakuna mzee wa kwao ambaye angepanda gari kuja Kinoo. Nami nilimpenda Oduor, nilitaka kuolewa naye, na nilitaka iwe mwaka huu.

Wiki hiyohiyo mkubwa wangu, Madam Wamucii, alidai safari mpya. Alisema matajiri wa Karen wamechoka kuangalia simba wamelala, sasa wanataka historia na ziwa. Nikampangia safari ya Nyanza: Ijumaa kulala Homa Bay, Jumamosi asubuhi kuta za mawe za Thimlich Ohinga, jioni ziwa dogo la Simbi Nyaima, Jumapili miamba ya Kit Mikayi na kurudi. Wateja wa kwanza walikuwa Jeremy na mkewe Debra, wastaafu wenye kamera nzuri na maswali mengi. Mimi ningeenda nao kuikagua njia.

Nilipotazama ramani nikaona boma la kina Oduor liko karibu kabisa na Simbi. Nikaandika: Jumamosi, saa tisa hadi saa kumi, nyumbani kwa Mama Awuor. Najua wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Wahenga hawakuwa na kompyuta.

Oduor nilimwonyesha ratiba hiyo Kangemi, kwenye kibanda tunachokulia maharagwe na chapati akitoka kazini. Yeye ni fundi wa umeme, na mikono yake huwa na vumbi la kuta za watu.

"Ciru, si huyu ni mathe yangu?" akasema. "Umemweka katikati ya mawe na flamingo?"

"Ni one hour tu. Hatutamsumbua. Hata lunch tutakuwa tumekula kwa hoteli."

"Na umemwambia hivyo?"

"Mwambie wewe, ni mamako."

Akacheka, akapiga simu palepale, wakaongea Kijaluo kwa furaha nyingi. Mimi nilidhani ameieleza habari ya chakula. Yeye, nilikuja kujua baadaye, alidhani nilikuwa natania. Mamangu mimi huwasifu sana wageni wanaokuja wameshiba: huyo ana adabu, husema, hakuja kuniangusha jikoni. Hayo ndiyo malezi yangu, na sikuwa nimewahi kufikiri kuna mama mwenye malezi mengine.

Safari ilianza vizuri, tena vizuri mno. Mulwa, dereva wetu, aliendesha taratibu na hakuwasha redio, Oduor akiwa amekaa naye mbele. Thimlich Ohinga iliwanyamazisha hata wateja wangu. Ni kuta ndefu za mawe matupu, bila saruji wala udongo, zilizopangwa na watu wa karne nyingi zilizopita, na bado zimesimama zikipita kimo cha mtu. Milango yake ni mifupi makusudi, ili adui aingie akiwa ameinama, mmoja mmoja. Jeremy, ambaye ni mrefu, hakuinama vya kutosha akajigonga, na Debra akacheka hadi akakaa chini. Niliangalia saa: tulikuwa ndani ya ratiba. Tukarudi Homa Bay tukala samaki waliojaa sahani, Mulwa akala wa watu wawili, kisha tukaelekea Kendu Bay tukiwa tunapumua kwa shida.

Mama Awuor alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Ua ulikuwa umefagiliwa ukabaki na mistari ya ufagio, na viti vyote vilikuwa vimefunikwa vitambaa vilivyofumwa. Nilimsalimu, "Misawa, Mama," kama Oduor alivyonifunza, akacheka akanishika mikono yote miwili. Ni mama mwembamba, mwenye macho yanayokaa juu yako. Nikajisema moyoni, Ciru, umeshapita.

Ndipo nikaiona meza. Kulikuwa na jogoo mzima, samaki wawili wa ngege wa mchuzi, mboga ya mnavu iliyopikwa kwa maziwa, ugali wa mtama na muhogo, na aliya, ile nyama inayokaushwa juani siku kadhaa kabla ya kupikwa. Jirani mmoja alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji ya moto na beseni, tayari kutunawisha.

"Ai, Mama, asante sana," nikasema kwa tabasamu langu la kazi. "Lakini tumekula tayari. Tutakunywa chai tu, usijisumbue."

Debra naye, Mungu ambariki, akajipapasa tumbo. "Tumeshiba kabisa, Mama."

Yule jirani alimtazama Mama Awuor. Mama Awuor alichukua sahani akaanza kufunika vyakula, kimoja baada ya kingine, bila haraka. "Sawa," akasema. Chai ikaja. Tukaulizana habari za barabara na za mvua. Nilimtazama Oduor anisaidie, akawa anaangalia viatu vyake. Nami nikafanya jambo ambalo mikono yangu hufanya yenyewe: nikageuza mkono nikaangalia saa, kwa sababu jua likishuka sana picha za flamingo haziwi nzuri. Mama Awuor aliniona. Akasimama yeye wa kwanza.

Kwenye gari nilishika mlango nikimngoja Oduor apande.

"Nendeni tu," akasema. "Mimi nimefika kwetu."

"Oduor, usinifanyie hivyo mbele ya wageni."

"Wageni ni wako, Ciru. Umewaleta waangalie mathe, wamemwangalia. Endeleeni na safari."

Nilikasirika. Niseme ukweli, nilikasirika sana, na hasira yangu yote ilikuwa kwake. Kosa langu lilikuwa nini? Kumwepushia mama mzee moshi wa jikoni? Njia nzima hadi Simbi nilikuwa nikimjibu kichwani, na majibu yangu yalikuwa mazuri kweli.

Simbi Nyaima ni ziwa la mviringo lililokaa ndani ya shimo kubwa, maji yake ya kijani, yenye harufu ya magadi. Flamingo walikuwa wengi ng'ambo ya pili. Hadithi yake naijua bila kusaidiwa, maana mimi ndiye niliyeiandika kwenye tovuti ya kampuni, kwa hiyo nikasimama ukingoni nikaanza kuwasimulia wateja. Nikawaambia hapa zamani palikuwa na kijiji. Siku moja watu wakiwa kwenye sherehe akaja ajuza mgeni, amechoka, ana njaa, akaomba chakula. Wakamfukuza. Ni mwanamke mmoja tu aliyempokea akampa chakula. Yule ajuza akamwambia mwanamke huyo ahame na watu wake, kisha mvua ikanyesha usiku kucha, kijiji kikazama chote.

"Kwa sababu ya chakula tu?" Debra akauliza.

"Kwa sababu ya chakula," nikasema.

"Basi bahati yetu," Jeremy akasema akirekebisha kamera yake, "yule mama wa leo hajui kuita mvua."

Wakacheka wote wawili, bila ubaya wowote. Ilikuwa imebaki ile sehemu ya jina la ziwa na kina chake, nikaiacha. Niliona ile meza. Niliona mikono ikifunika sahani. Aibu ilinipanda kutoka miguuni, na yale majibu yangu mazuri ya kwenye gari sikuyaona tena. Nikamwambia Mulwa akae na wateja hadi watosheke, kisha anifuate. Nikasimamisha bodaboda.

Oduor alikuwa amekaa kwenye ukuta wa kibaraza. Nilimpita bila kumpa nafasi ya kuuliza. Mama Awuor nilimkuta jikoni, bado na gauni la kanisani, amekaa kwenye kigoda mbele ya sufuria zilizofunikwa.

"Mama, nimerudi kula," nikasema.

"Una njaa?"

"Sina."

"Sasa utakulaje?"

"Nitakula tu."

Alifunua sufuria moja. "Ile aliya," akasema, "nilianza kukausha siku Oduor alipiga simu. Kila asubuhi natoa nje, jioni narudisha, nafukuza paka. Majirani wananiuliza, Mama Awuor, ni nani anakuja? Nasema ni bibi ya Oduor. Haya. Bibi ya Oduor akafika, akaangalia saa."

"Niliogopa kukusumbua, Mama."

"Kunisumbua!" Aligeuka na kigoda chake akanielekea. "Wewe msichana, kama hutaki kunisumbua, unaolewa hapa kufanya nini?"

Mimi niliye na jibu la kila mteja, nilisimama pale na mkoba begani nikalia. Hakunibembeleza. Alinimiminia maji mikononi, akanipakulia, akakaa kuniangalia nikila ugali wa mtama juu ya samaki wa hotelini. Nilikula jogoo, nilikula aliya, nilikula mnavu. Nilipodhani nimemaliza akaniongezea. Oduor aliingia, akanawa mikono, akasema anajiunga, mamake akamwambia asubiri kwanza mwenye deni alipe.

Mulwa alipoleta wateja giza likiingia, Mama Awuor hakuwauliza kama wameshiba. Aliwanawisha tu. Na watu hao waliokula samaki mchana wakala tena kwa taa ya sola, Jeremy akiuliza hii nyama inaitwaje na kuomba afundishwe kutamka. Ratiba yangu ilikufa hapo mezani, na hakuna aliyeililia.

Lakini neno lenyewe nililolifuata sikulipata. Tulipokuwa tukiaga, Oduor alimvuta mamake kando akamuuliza waziwazi kama wazee waende Kinoo. Alirudi garini amenyong'onyea.

"Amesema nini?"

"Amesema tutaona."

Jumapili tulipanda Kit Mikayi, mawe makubwa yaliyobebana kama magunia kwenye lori, na Debra akauliza maana ya jina hilo. Nikamwambia ni jiwe la mke wa kwanza. Nililisema kwa sauti isiyo na mtu ndani yake, kisha nikaenda kukaa kwenye gari. Njia nzima ya kurudi nilihesabu yale niliyopoteza: kijana mzuri na mama mkwe mwenye macho yale. Na Mzee Kiarie sasa angeniuliza Jumapili ijayo, nami ningemjibu nini? Oduor alinishika mkono kuanzia Kericho hadi Nairobi, jambo lililonitisha zaidi, kwa kuwa hufanya hivyo kwenye matanga.

Jumatatu nilikuwa nikimweleza Madam Wamucii kwamba safari ya Nyanza inahitaji kuongezewa siku, simu yangu ikalia. Namba ngeni.

"Ciru," sauti ikasema, bila salamu. "Ni Mama."

Nikasimama.

"Kuna mtoto wa dadangu anaitwa Ivyne. Amepata kazi kwa duka huko Karen. Atakaa kwako."

"Kwangu, Mama? Kwangu ni chumba kimoja tu, kitanda—"

"Mtabanana. Yuko kwa basi tayari, anafika jioni. Umchukue stegi, hajui Nairobi. Na hajala tangu asubuhi."

"Atakaa muda gani?"

"Sasa mimi nitajuaje? Usimwambie Oduor kwanza, wanaume huchelewesha mambo. Na umwambie baba yako wazee wanakuja mwezi ujao, wasipike kidogo." Akakata simu.

Madam Wamucii aliweka kalamu chini.

"Kuna shida, Ciru?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Nimeolewa." Nikachukua mkoba wangu kabla hajanipa ruhusa, nikatoka kwenda kutafuta godoro.