Mshale Kwenye Kioo

Kioo cha mlango huandikwa kwa ndani, kinyumenyume, ili anayepita nje asome sawasawa na mvua isiharibu rangi. Miaka sita naandika hivyo na sijawahi kukosea hata nukta. Fundi atakayebisha, alete brashi yake.

Siku hiyo Profesa alitaka duara mbili kwenye mlango wa chumba anamofundishia mambo ya akili. Moja iandikwe Fikra, nyingine Hisia, na mshale utoke Fikra uende Hisia.

"Fikra ndiyo inayoongoza," alinieleza.

Saa nne dada yangu akanipigia. "Mshonaji anaondoka leo. Basi la saa nane."

"Asafiri salama."

"We kaka, kiburi chako hicho!"

Mimi na Mshonaji tulipendana miaka miwili. Alipopata kazi mji mwingine aliniambia twende wote. Nikamjibu kwamba nimefikiri vizuri: nina wateja wangu hapa, sifuati mtu kama mkia. Tangu siku hiyo, nikisikia cherehani inalia ndani ya duka la mtu, nasimama njiani kama niliyeitwa.

Nikapanda ngazi, nikapaka. Saa saba Profesa akasimama nje ya kioo akicheka.

"Fundi, mshale umegeuka! Umetoka Hisia unaenda Fikra."

Nikatoka kuangalia. Kweli. Masikio yakaniwaka moto.

"Labda ndivyo ilivyo," nikabisha.

"Haya. Ulipokuwa unauchora, ulikuwa unafikiri nini?"

"Hesabu tu. Kutoka hapa hadi stendi ni dakika arobaini kwa mguu. Nikiondoka saa saba na robo, nawahi."

"Na hesabu hiyo nani alikutuma?"

Wateja, mkia, sababu zote zile nilikuwa nimezipanga zikapangika. Lakini aliyezipanga ni mtu aliyeumia kwa kuwa hakubembelezwa mara ya pili.

"Nenda, baba," Profesa akasema, sasa bila kucheka. "Mshale utaurekebisha kesho."

Niache kazi mbovu mlangoni, na watu wapite wakiisoma? Roho ilikataa. Nikaufuta kwa wembe, nikauchora upya. Nilipoteremka kwenye ngazi ilikuwa saa nane kasorobo. Nikakimbia na rangi mikononi, nikigonga watu mabega, nikitukanwa, nikiomba basi lipate pancha.

Stendi nilikuta sehemu ya basi hilo tupu, na doa la mafuta likiwa bado bichi.

Nikaenda dirishani kwa karani wa tiketi. "La kesho lipo?"

"Saa kumi na mbili asubuhi. Jina?"

Nikamtajia. Akaacha kuandika, akaniangalia.

"Kaka, huyu si ameondoka sasa hivi na la saa nane?"

Hapo ndipo nilipojua ni jina la nani nililotaja.