Mfuko wa Kitanda cha Nne

Katika wodi ile ya upasuaji, pale Arua, hapapikwi samaki, hapaliwi samaki, wala hakuna muuzaji mwenye kichaa cha kupita nao dirishani. Lakini miaka miwili mizima, kila Sista Ayikoru akiinamia kitanda cha nne, harufu ya samaki inampanda puani. Wenzake walimcheka mwanzoni. Baadaye wakaacha kucheka, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Miaka hiyo miwili nyuma, kitanda hicho alikilalia Yengi, kijana wa Koboko aliyetobolewa utumbo na taifodi. Alishonwa, na amri ikawa kali: hata tone la maji lisipite mdomoni. Chakula chake kilipitia mshipani, pamoja na mfuko wa mafuta meupe kama maziwa. Siku zile madaktari walikuwa wanalinganisha mafuta ya aina mbili, ya soya peke yake na yaliyochanganywa na ya samaki, waone wagonjwa mahututi wanapata nafuu upesi kwa yapi. Mifuko ilivalishwa nailoni nyeusi na kupewa namba. Nani kapata nini, daktari hajui, muuguzi hajui.

Ayikoru ndiye aliyempelekea mama yake Yengi karatasi ya kukubali. Mama huyo, Mama Keji, alichovya dole gumba kwenye wino, kisha akasita.

"Sista, ndani ya hii maziwa, samaki iko?"

Ayikoru alishasikia kwamba ukoo wao hawali samaki. Angesema hajui, mama angekataa, na mafuta mengine hospitali haikuwa nayo. Basi akajikaza.

"Hakuna, mama. Ni soya tu. Usiwe na wasiwasi."

Mama Keji akaweka dole.

Siku ya saba, akimpangusa Yengi midomo, Ayikoru aliisikia ile harufu. Moyo ukamlipuka. Samaki, Mungu wangu! Imetoka mfukoni mpaka kwenye pumzi yake! Siku ya tisa mshono wa ndani ukaachia, Yengi akafa. Tangu hapo Ayikoru akaishi akiamini kwamba alimdanganya mama wa watu, akamlisha mwanawe mwiko wa kwao.

Wiki iliyopita siri ya namba ikafunguliwa. Matokeo yenyewe hayakuwa ya kupigiwa vigelegele: wa samaki walitoka kitandani mapema kidogo, waliokufa walikaribia kulingana. Ayikoru hakuyasikiliza. Alimng'ang'ania Dokta Afedra, mwenye orodha.

"Namba thelathini na moja, ya Yengi?"

"Soya."

"Hebu angalia tena."

"Soya tupu, Ayikoru. Una nini wewe?"

Ilipasa afurahi. Badala yake nywele zilimsimama. Kama mfukoni mlikuwa na soya, harufu ile ilitoka wapi?

Kesho yake akaenda Koboko. Alimkuta Mama Keji uani anapepeta simsim, akaketi chini, akamwaga yote: kwamba siku ile hakujua, alisema tu, na ikatokea kweli ni soya.

Mama Keji hakumfokea. Aliweka ungo chini.

"Samaki sisi hapana kula, kweli. Babu yetu, samaki ndiyo ilivusha yeye kwa mto. Lakini mutu yetu akitaka kufa, tunamupatia mafuta ya samaki kwa ulimi, ivushe yeye pia. Mimi nilikuja na kachupa. Nikauliza wewe. Kama iko ndani ya maziwa, mimi naacha kachupa kwa kikapu. Wewe ulisema hakuna."

Ayikoru akamsogelea.

"Siku ingine ulienda kunawa mikono," mama akaendelea. "Nikamupatia kijiko moja. Akameza."

Harufu ikamjia Ayikoru pale pale, juani, mchana kweupe. Safari hii haikumtisha. Ilimuuma tu, ikamuuma sana.

"Sista, wewe unajua hii kazi. Ile kijiko ndiyo iliua mutoto yangu?"

Maneno yalishajipanga mdomoni: hapana, mama, usiwe na wasiwasi. Mepesi yaleyale ya siku ile. Ayikoru akayameza, akamshika mama mikono yote miwili, machozi yakamtoka.

"Sijui, mama," alisema. "Sijui."